Joel Bendera: Kocha wa Taifa Stars ya 1980 aliyehitimisha utumishi wake Manyara

Wananchi wa Singe, Bagara, Bonga na kata nyingine za Halmashauri ya Mji wa Babati walimfahamu Dkt. Joel Nkaya Bendera kama Mkuu wa Mkoa wa Manyara. Aliushika wadhifa huo kuanzia mwaka 2014 hadi Oktoba 2017, akiwa na ofisi mjini Babati, makao makuu ya mkoa. Wapenzi wa soka nchini walikuwa wamelijua jina lake miaka mingi kabla ya hapo. Alikuwa kocha mzalendo katika benchi la ufundi la timu ya Taifa ya Tanzania, Taifa Stars, iliyofuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980.

Kati ya mambo hayo mawili kuna maisha ya utumishi yaliyopita uwanja wa mpira, Bunge, Wizara yenye dhamana ya michezo na hatimaye ofisi za wakuu wa mikoa miwili. Historia yake inasaidia kujibu swali ambalo Watanzania walijiuliza kwa karibu miongo minne: kwa nini nchi iliyofika Lagos mwaka 1980 ilichukua miaka 39 kurudi katika fainali hizo.

Safari ya Lagos

Mwaka 1979 haukuwa mwepesi kwa Tanzania. Vita vya Kagera vilikuwa vimelitaka Taifa lielekeze nguvu kazi, magari, mafuta na fedha nyingi mpakani, na Kampala ilianguka Aprili mwaka huo. Ni katika mazingira hayo ambapo Taifa Stars ilikuwa ikisaka nafasi ya kwenda Nigeria.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa Zambia. Timu hiyo ilikuwa imecheza fainali ya mwaka 1974 dhidi ya Zaire na ilikuwa imeshiriki pia mashindano ya mwaka 1978 nchini Ghana, hivyo ilikuwa na uzoefu ambao Tanzania haikuwa nao. Taifa Stars ilishinda bao 1-0 jijini Dar es Salaam. Katika mechi ya marudiano iliyochezwa Ndola, Agosti 1979, Zambia ilikuwa mbele na muda ulikuwa ukiyoyoma. Bao la kusawazisha la Peter Tino, lililopatikana zikiwa zimesalia dakika chache, liliufanya mchezo umalizike kwa sare ya 1-1 na kuipa Tanzania tiketi ya Lagos.

Uzito wa tiketi hiyo unaeleweka vizuri zaidi kwa kuangalia ukubwa wa mashindano yenyewe. Mwaka 1980 fainali zilikuwa na timu 8 tu kwa bara zima. Idadi iliongezwa kufikia 12 mwaka 1992, ikawa 16 mwaka 1996, na 24 mwaka 2019. Kufuzu wakati ule kulimaanisha kuwa miongoni mwa mataifa manane bora ya Afrika.

Tanzania ilipangwa kundi moja na wenyeji Nigeria, Misri na Ivory Coast. Benchi la ufundi lilikuwa na kocha kutoka Poland, Slawomir Wolk, pamoja na Bendera. Katika mchezo wa ufunguzi, uliochezwa Machi 8, 1980, Taifa Stars ilifungwa 3-1 na Nigeria, ambayo baadaye ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Algeria 3-0. Mchezo wa pili ulimalizika kwa Misri kushinda 2-1. Wa tatu, dhidi ya Ivory Coast, ulikwisha kwa sare ya 1-1. Tanzania iliaga mashindano ikiwa na pointi moja, lakini ilipata bao katika kila mchezo, na jina la mshambuliaji Thuwein Ally likabaki katika kumbukumbu za mashindano hayo.

Kikosi kilichozaa makocha na viongozi

Timu ya 1980 inakumbukwa kwa majina ya wachezaji wake, wakiwamo Juma Pondamali, Jella Mtagwa, Leodegar Tenga, Juma Mkambi, Mohamed Rishard maarufu kwa jina la Adolf, Peter Tino na Thuwein Ally. Kinachotajwa kwa nadra ni idadi ya watu wa kikosi hicho walioendelea kuutumikia mchezo baada ya kuvua jezi. Pondamali, aliyekuwa mlinda mlango, aligeuka mwalimu wa walinda mlango. Rishard alikuwa kocha wa timu za Ligi Kuu.

Aliyefika mbali zaidi katika uongozi wa soka ni Tenga. Alikuwa beki aliyezichezea Yanga na Pan African, na wakati huohuo alikuwa na taaluma ya uhandisi. Desemba 2004 alichaguliwa kuongoza chombo kinachosimamia soka nchini, wakati ambapo Chama cha Soka Tanzania, FAT, kilikuwa kimechoshwa na migogoro ya muda mrefu ya uongozi. Chini yake chombo hicho kilipata jina na katiba mpya na kuwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Aliongoza kwa vipindi viwili hadi Oktoba 2013, alipomwachia nafasi Jamal Malinzi kwa njia ya uchaguzi.

Tenga aliliongoza pia Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, kuanzia mwaka 2007, akawa mjumbe wa Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Soka Afrika, CAF, na baadaye Mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Nje ya michezo alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania, CTI.

Kocha na mchezaji wakutana tena

Bendera alichukua njia ya siasa na utumishi wa Serikali. Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, mkoani Tanga, kwa tiketi ya Chama Cha Mapinduzi. Katika Serikali ya Awamu ya Nne aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo, wadhifa alioushika hadi mwaka 2010.

Uteuzi huo ulizaa hali isiyo ya kawaida katika historia ya michezo nchini. Kwa miaka kadhaa, aliyekuwa mwalimu wa kikosi cha 1980 alikuwa Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo, na aliyekuwa mchezaji wa kikosi hichohicho alikuwa Rais wa TFF. Mmoja aliwakilisha Serikali, mwingine aliwakilisha shirikisho ambalo kwa kanuni za kimataifa hujiendesha lenyewe. Mipaka hiyo ni muhimu: Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, huweza kuifungia nchi ambayo Serikali yake inaingilia uongozi wa chombo cha soka. Serikali, kwa upande wake, ndiyo yenye viwanja vikubwa, shule ambamo vipaji huanzia, na Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Pande hizo mbili zisipoelewana, anayeumia ni mchezaji.

Kipindi hicho kilishuhudia hatua kadhaa. Serikali ilibeba jukumu la kumlipa kocha wa timu ya Taifa, na kuanzia mwaka 2006 hadi 2010 Taifa Stars ilifundishwa na Mbrazili Marcio Maximo. Mwaka 2007 ulianza kutumika uwanja mpya wa Taifa jijini Dar es Salaam, uliojengwa kwa ushirikiano na China wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mwaka 2009 Tanzania ilishiriki fainali za kwanza za Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za ndani, CHAN, nchini Ivory Coast, ikawafunga wenyeji 1-0 na kutoka sare ya 1-1 na Zambia. Juni 7, 2010 Brazil ilicheza na Taifa Stars Dar es Salaam kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini na kushinda 5-1. Desemba mwaka huohuo timu ya Tanzania Bara, Kilimanjaro Stars, ilitwaa Kombe la Chalenji la CECAFA kwa kuifunga Ivory Coast, iliyoalikwa, bao 1-0.

Hata hivyo, lengo kubwa halikufikiwa katika kipindi hicho. Taifa Stars haikufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2008 wala 2010.

Kutoka benchi la ufundi hadi Mkuu wa Mkoa

Baada ya kipindi chake bungeni, Bendera aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro mwaka 2011. Mwaka 2014 alihamishiwa Manyara, na orodha ya wakuu wa mikoa iliyotangazwa na Rais John Pombe Magufuli Machi 2016 ilimbakiza katika mkoa huo.

Mkuu wa Mkoa hutajwa katika Ibara ya 61 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuwa kiongozi anayeteuliwa na Rais kusimamia shughuli zote za Serikali katika mkoa. Majukumu yake yamefafanuliwa zaidi katika Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya mwaka 1997. Huongoza Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Mkoa na Kamati ya Ushauri ya Mkoa, na hutarajiwa kuziwezesha halmashauri zitekeleze wajibu wake bila kuchukua nafasi yake. Anayeijua kazi ya kocha ataona kufanana: kocha hupanga, huelekeza na kuwajibika kwa matokeo, lakini mpira huchezwa na wengine.

Manyara aliyokabidhiwa ilikuwa na mambo mazito. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha, na una wilaya tano za Babati, Hanang', Kiteto, Mbulu na Simanjiro. Wilayani Kiteto, migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, hususan katika eneo la Hifadhi ya Jamii ya Emboley Murtangos, ilikuwa imegharimu maisha ya watu muda mfupi kabla ya kuwasili kwake. Kutafuta maelewano kati ya jamii zinazotegemea ardhi moja kwa njia tofauti, sambamba na kusimamia utekelezaji wa sheria, ni kazi ambayo kila Mkuu wa Mkoa wa Manyara ameirithi kutoka kwa mtangulizi wake. Bendera alikuwa ameikuta pia Morogoro, ambako mivutano ya wakulima na wafugaji ina historia ndefu.

Wilayani Simanjiro suala kuu lilikuwa madini ya tanzanite, ambayo duniani huchimbwa Mirerani pekee. Septemba 20, 2017, Bendera akiwa bado Mkuu wa Mkoa, Rais Magufuli aliagiza ujenzi wa ukuta kuzunguka eneo la machimbo ili kudhibiti utoroshaji. Ukuta huo wenye urefu wa kilometa 24.5 ulijengwa na majeshi ya ulinzi na kuzinduliwa Aprili 6, 2018. Wakati huo Bendera hakuwapo tena. Alikuwa amestaafu Oktoba 2017 na nafasi yake kuchukuliwa na Alexander Mnyeti, na mnamo Desemba 6, 2017 alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Miaka 39 ya kusubiri

Machi 24, 2019, miezi 15 baada ya kifo chake, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Kocha alikuwa Emmanuel Amunike wa Nigeria. Timu ilipoteza michezo yote mitatu ya kundi dhidi ya Senegal, Kenya na Algeria, lakini pengo la tangu 1980 lilikuwa limezibwa. Tanzania ilifuzu tena fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa mwaka 2024, ambako ilitoka sare na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo baada ya kufungwa na Morocco.

Kuongezwa kwa idadi ya timu hadi 24 kulirahisisha safari hiyo, na ni haki kulitaja hilo. Lakini nafasi ziliongezwa pia mwaka 1992 na 1996 bila Tanzania kunufaika. Kikosi cha 1980 kilikuwa na vipaji. Kilichokosekana baada yake ni vyombo imara vya kuvipokea vipaji vilivyofuata: shirikisho lenye utulivu, ligi yenye kanuni zinazoheshimiwa, mashindano ya vijana yanayofanyika kila mwaka, na viwanja vinavyofaa nje ya Dar es Salaam. Ndiyo maana kazi waliyoifanya Bendera na Tenga ofisini, isiyoshangiliwa na mtu, ina uzito wake pembeni ya ile ya Ndola na Lagos.

Mfano wa Japani unaonesha jambo hilo kwa upana. Saburo Kawabuchi alikuwa mshambuliaji wa timu ya Japani katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 na alifunga bao katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Argentina. Alikuwa kocha wa timu ya Taifa mwaka 1980 na 1981, kipindi kilekile ambacho Tanzania ilikuwa imetoka Lagos, na Japani wakati huo haikuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia. Baadaye Kawabuchi alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa ligi ya kulipwa, J.League, ambayo michezo yake ilianza Mei 1993, kisha akawa Rais wa Chama cha Soka cha Japani kuanzia 2002 hadi 2008. Ligi hiyo ilizitaka klabu ziwe na mizizi katika miji yake na ziwe na timu za vijana. Mwaka 1998 Japani ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, na haijakosa fainali hizo tangu wakati huo. Mtu aliyefahamu mchezo kutoka ndani alitumia ujuzi wake kujenga taasisi, na taasisi ikabaki baada ya yeye kuondoka.

Soka yafika Babati

Kwa Babati, matunda ya mtazamo wa namna hiyo yameanza kuonekana karibu. Katika msimu wa 2024/25 klabu ya Fountain Gate iliuchagua Uwanja wa Tanzanite Kwaraa kuwa uwanja wake wa nyumbani, hivyo michezo ya Ligi Kuu Tanzania Bara ikachezwa mjini humo, chini ya Mlima Kwaraa. Mkazi wa Singe, ambaye awali alilazimika kusafiri hadi mkoa mwingine kuzishuhudia timu za ligi hiyo, alizipata katika mji wake.

Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja fainali za CHAN, na Taifa Stars ikafika robo fainali. Nchi hizohizo zilipewa Septemba 2023 dhamana ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Kwa upande wa Tanzania, maandalizi yanahusisha ujenzi wa uwanja mpya wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 30,000 jijini Arusha, takribani kilometa 170 kutoka Babati kwa barabara ya lami.

Kijana wa Singe mwenye kipaji ana njia rasmi ya kupita. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari huanzia ngazi ya shule, hupanda hadi halmashauri na mkoa, na huishia ngazi ya Taifa. Mafanikio yake hutegemea mambo ya kiutawala: bajeti ya halmashauri, walimu wa michezo, viwanja vya shule visivyovamiwa, na viongozi wa mkoa wanaofuatilia. Nje ya shule zipo klabu zilizosajiliwa na vyama vya soka vya wilaya na mkoa, ambavyo ni wanachama katika mfumo wa TFF. Viongozi wa vyama hivyo huchaguliwa, na wachezaji wastaafu wenye sifa wana haki ya kugombea.

Joel Bendera aliupitia mfumo huo katika ngazi zake nyingi, kuanzia benchi la timu ya Taifa hadi meza ya Naibu Waziri na kiti cha Mkuu wa Mkoa. Hakujaliwa kuiona Taifa Stars ikirejea katika fainali ambazo yeye na wenzake waliifikisha mara ya kwanza. Mwaka 2027 fainali hizo zitakapochezwa katika ardhi ya Tanzania, zitakuwa zimetimia miaka 47 tangu mchezo ule wa ufunguzi wa Lagos.